Hesabu ya Bandama, Temeke na Kinondoni

Siku nilipokabidhi vifaa vyangu vya kazi, kijana aliyevipokea aliniuliza, "Mzee Rajabu, muda wote huo uliopima watu homa, umejifunza nini?" Nilijifanya nakohoa. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na hata sasa, nikiwa nimekaa barazani kwangu Temeke na karatasi hizi mapajani, sina jibu lililonyooka. Nina mambo niliyoyaona. Nitawaandikia hayo, nyinyi mnaobaki kazini, na mkifika mahali mkaona nimechanganyikiwa, msidhani ni uzee. Nilichanganyikiwa tangu ningali kijana.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Aliyehitaji kuvijua alikwisha kuvijua, na asiyehitaji havitamsaidia kuipata bandama ya mtoto kwa vidole.

Nilipoanza kazi katika ofisi ya afya, Temeke ilikuwa minazi, mihogo na mabonde ya mpunga. Nilijua kusoma na kuandika, kwa hiyo nilifika asubuhi ya kwanza nimevaa kanzu safi nikitegemea kupewa kalamu. Nikapewa karai jeupe la kunawia. Mpimaji mkuu, Mzee Mbwana, mtu mfupi mwenye ndevu za kuhesabika, alinichukua mpaka bondeni nyuma ya Keko. Alichota maji ya dimbwi kwa upawa wa mpini mrefu, akayamimina ndani ya karai, akaniambia, "Tazama."

Nikatazama.

"Unaona nini?"

"Maji machafu, mzee."

"Tazama tena."

Jua lilinipiga kisogoni mpaka nikaanza kuona vitu vinacheza, na kumbe vilikuwa vinacheza kweli: viluwiluwi vya mbu. "Vingapi?" akauliza. Nikasema ni vingi. Mzee Mbwana akamwaga karai lote, akachota upya. "Vingi si hesabu," akasema. Tulikaa pale mpaka adhuhuri, na ile kanzu haikuwahi kuwa nyeupe tena.

Yeye ndiye aliyenionyesha tofauti. Kiluwiluwi kinacholala juu ya maji, kimejinyoosha kama mtu aliyejitupa mkekani, ni cha mbu wa homa. Kinachoning'inia kichwa chini ni cha mbu yule mwingine, na huyo tulimhesabu katika matende. Nikamuuliza kwa nini mmoja alale na mwingine aning'inie. "Hilo mie silijui," akasema. "Kama linakukosesha usingizi, kiulize chenyewe kitakapokuwa kinaelea." Nilipenda sana kazi ile tangu siku hiyo, ingawa sikuelewa ni kitu gani hasa nilichokipenda.

Bandama alinifundisha baadaye. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kukata kucha, na ya pili kusugua viganja mpaka vipate moto, kwa sababu mtoto akishtuka kwa baridi hukaza tumbo na hutapata kitu. Mtoto alale chali, akunje magoti, avute pumzi taratibu. Weka vidole chini ya mbavu za kushoto, kisha utulie. Usichimbe. Bandama nzima hujificha nyuma ya mbavu na huigusi. Bandama iliyovimba kwa homa za kurudiarudia hushuka yenyewe na pumzi ikagonga vidole vyako. Ukipima watoto wa mtaa namna hiyo, unajua mtaa ule una homa kiasi gani bila kumuuliza mtu yeyote. Watoto wakaniita Bwana Bandama, na nadhani nitazikwa nalo jina hilo.

Mzee Mbwana alistaafu wakati wa vita, akaenda kwao Kunduchi, akaniachia upawa. Vita vilipokwisha tukaletewa daktari mpya, Mwingereza mrefu aliyejifunza Kiswahili kwenye kitabu, kila neno lake likisimama mbali na mwenziwe. Wiki ya kwanza alituita.

"Vikosi vya mafuta," akasema. "Kwa nini viko Temeke?"

Lazima niwaeleze wale ambao hawakuviona. Vikosi hivyo vilikuwa wanaume wenye pampu mgongoni, wakizunguka kunyunyizia mafuta kwenye madimbwi ili viluwiluwi vikose pumzi. Watu na mafuta vilitosha upande mmoja tu wa pembezoni mwa mji, na kwa miaka mingi upande huo ulikuwa wetu.

"Ndivyo ilivyokuwa siku zote, Bwana," nikamjibu.

Akaliandika jibu langu katika kidaftari chake. Alipoliandika ndipo nikasikia jinsi lilivyokuwa la kipuuzi.

"Mimi sitaki siku zote," akasema. "Tutapima bandama za watoto, Temeke na Kinondoni. Mahali penye bandama nyingi zilizovimba, pana homa nyingi. Hapo mafuta yataenda."

Nilifurahi kama mtu aliyesikia hotuba aliyokuwa akiisubiri. Hatimaye daktari aliyetaka kuhesabu kwanza na kuamua baadaye! Alisema tuanze mara moja, tutokee tu tukapime. Hapo ndipo nilipofanya kosa, na nililifanya kwa adabu njema kabisa. Mtu mwenye kulelewa hatokezi tu katika chuo cha Kurani cha mwenziwe, akiwa na Mzungu, akaanza kuwalaza watoto wa watu chini. Lazima apeleke taarifa. Kwa hiyo, bila kumwambia Bwana Daktari, niliandika barua ya heshima kwa Maalim Shomari, mwenye chuo kikubwa kuliko vyote Temeke, nikamjulisha kwamba baada ya wiki moja daktari atakuja kuwapima watoto. Kwa jumbe wa Kinondoni nikatuma salamu za mdomo, kwa vile nilikuwa namfahamu.

Chuoni kwa Maalim ndiko alikosomea Mwajuma, mtoto wa dada yangu Zuhura. Alikuwa karibu na umri wa kung'oka meno ya mbele, mwembamba, mwenye maswali mengi. Baba yake alikuwa bara kwenye mkonge na alirudi kila Idi. Dada alikaa chumba kimoja si mbali na kwangu, akikaanga vitumbua asubuhi. Mtoto huyo alikuwa na homa za mara kwa mara, nami nililijua hilo, lakini Temeke nzima watoto walikuwa hivyo. Dada alikuwa amekwisha kuzika wawili kabla yake. Mwajuma ndiye aliyebaki, na kila mvua za masika zilipokaribia dada alikuwa mtu wa kushtukashtuka.

Siku ya kupima tulipokelewa vizuri mno. Watoto wa Maalim walikuwa wameoga, wamepakwa mafuta ya nazi, wavulana kofia nyeupe, wasichana mitandio iliyofuliwa, wamekaa safu kwenye mikeka. Nilisugua viganja nikaanza. Tumbo la kwanza laini. La pili laini. Nikaendelea mpaka magoti yakafa ganzi, na walionipa bandama iliyovimba vidole vya mkono mmoja vilitosha kuwahesabu. Bwana Daktari alirudia baadhi yao nyuma yangu na tukapatana. Maalim akatupa kahawa na haluwa, akasoma dua fupi ya kututakia heri, tukaandika matokeo na mwisho wa ukurasa nikatia kwa mkono wangu: watoto wa chuo wote wamepimwa.

Jioni nikapita kwa dada. Nilimwamkia, akanipa chai, nikampa habari kwamba watoto wa Temeke ni wazima, na kwamba sayansi imethibitisha. Nilisema neno hilo hilo. Nikauliza Mwajuma yuko wapi, akasema amelala ndani. Nikanywa chai yangu nikaenda zangu.

Kesho yake nilishuka bondeni na karai, kama ilivyokuwa kawaida. Maji yalijaa viluwiluwi, na karibu vyote vimelala. Nilikaa chini kwenye majani. Mbu wa homa tele, na watoto hawana homa: itakuwaje? Nikamwambia Bwana Daktari. Nikamwambia pia kwamba labda mbu wa Temeke wanapendelea damu ya mbuzi. Akafikiri sana, akasema hilo linawezekana, akaliandika. Nasikitika kwamba mpaka leo huenda limo ndani ya jalada fulani.

Kinondoni ilikuwa kinyume chake. Mstari ulizunguka nyumba ya jumbe mara mbili, kina mama wamebeba watoto mgongoni na ubavuni, na matumbo yalikuwa magumu moja baada ya jingine. Nilipima siku tatu nikalala huko huko. Nilirudi na daftari lililojaa na moyo mzito, nikiwahurumia watu wa Kinondoni. Hesabu haikuacha hata nafasi ya kubishana. Vikosi vya mafuta vilihamishwa kutoka Temeke kwenda Kinondoni, na mimi ndiye niliyewaonyesha njia.

Wiki kadhaa zilipita kabla sijakaa tena vizuri kwa dada. Nilikwenda Ijumaa baada ya sala. Mwajuma alikuwa kwenye kitanda cha kamba, amejifunika kanga mbili katika joto lile, macho makubwa.

"Leo hakwenda chuo?" nikauliza.

"Chuo gani?" dada akasema. "Tangu ule mwezi wenu wa wageni hajakwenda. Maalim alituambia wenye homa wabaki nyumbani mpaka mgeni apite. Akabaki, na homa ikabaki naye."

Sikuelewa nilichosikia. Nilipiga magoti, nikasugua viganja kwa mazoea, nikaweka vidole chini ya mbavu. Bandama haikungoja pumzi. Ilikuwa pale, ngumu, imeshuka mpaka karibu na kitovu.

Nilifungua mkoba nikatoa daftari la Temeke, nikatafuta jina lake. Halikuwemo. Nilisoma orodha ile mara mbili, kwa kidole, kama mtoto anayejifunza herufi. Nilikuwa nimewapima watoto wa chuo anachosoma mtoto wa dada yangu, mmoja baada ya mwingine, na haikunipitikia hata kidogo kwamba yeye hayupo kwenye mkeka. Kisha nikaandika kwamba wote wamepimwa.

"Dada, mbona siku ile hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuja ukasema watoto wa Temeke wazima. Nikasema moyoni, Rajabu ndiye anayejua, labda huyu wangu ana kitu kingine."

Nyinyi mnaobaki kazini, nimeonewa na wakubwa, nimetukanwa na wenye visima, lakini hakuna neno lililonichoma kama hilo. Alikuwa amemtazama mtoto wake anatetemeka, akaamini daftari langu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Maalim Shomari. Nilikuta amekaa na kitabu, akafurahi kuniona, akaagiza kahawa.

"Maalim," nikasema, "siku ile ya daktari, watoto wangapi walibaki majumbani?"

"Aa, wengi! Karibu nusu," akasema bila wasiwasi wowote. "Wenye homa, wenye matumbo mbele, wenye upele. Nilisimamia mwenyewe."

"Kwa nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu mlangoni. "Rajabu, wewe si umeniletea barua? Umenipa wiki nzima. Mgeni anakuja nyumbani kwangu, tena daktari, nimpangie wagonjwa? Ungesema nini wewe? Angesema nini juu ya chuo changu, juu ya wazazi wao? Nilimpa walio bora, kama tunavyompa mgeni yeyote."

"Lakini yeye alitaka wagonjwa, Maalim."

Aliweka kikombe chini taratibu, na nikaona uso wake unabadilika. "Hakuna aliyeniambia," akasema. "Barua yako ilisema anakuja kuwapima. Nilidhani anapima kama ni wazima."

Barua niliiandika mimi, na aliisoma jinsi mtu yeyote wa kwetu angeisoma. Nilitoka pale nikiwa na hasira, ila sikupata mtu wa kumpa.

Usiku ule ule mawazo yalikimbilia Kinondoni, na asubuhi nikaenda kwa jumbe. Kwake nilikuta jambo jingine. Salamu zangu alizipokea, akaziona kavu mno, akaziongezea utamu: daktari anakuja, na anaweza kuwa na kwinini, dawa ya homa. Basi kila mwenye mgonjwa alimleta, wengine kutoka mbali, na wenye watoto wazima hawakuona sababu ya kupoteza asubuhi yao. Upande mmoja walinificha wagonjwa kwa heshima, upande wa pili wakaniletea wagonjwa kwa matumaini, na mimi katikati na daftari langu nikidhani napima homa. Nilikuwa napima barua moja na salamu moja.

Kumwambia Bwana Daktari kulinichukua siku mbili za kutoa visingizio. Nilipomwambia, nilisimama. Nilimweleza barua, haluwa, jumbe, kwinini, na Mwajuma. Alivua miwani akaifuta kwa tai yake.

"Kwa hiyo," akasema, "hesabu yetu yote?"

"Haifai, Bwana."

"Temeke?"

"Haifai."

"Kinondoni?"

"Nayo haifai."

"Kwa hiyo hatujui kitu."

"Hatujui kitu, Bwana."

Nilingoja kufukuzwa. Badala yake alivuta karatasi mpya, akaniuliza, "Sasa Rajabu, unafikiri tufanye nini?" Hakuna mkubwa aliyewahi kuniuliza hivyo, nikababaika mpaka nikakaa bila kuambiwa.

Tulirudia yote. Safari hii hatukupeleka taarifa kwa mtu. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, tukiruka mbili na kuingia ya tatu, tukipiga hodi tukiwa tumekwisha kufika. Ilikuwa kazi ya kunivunjia heshima. Watu niliosali nao walinitazama kama mdai. Mwanamke mmoja alinifungia mlango akisema mtoto wake ameenda kwa bibi yake, na huku nasikia mtoto huyo anakohoa nyuma ya pazia. Vyuoni nilianza kuhesabu mbao za kuandikia zilizopangwa ukutani kabla sijahesabu vichwa, kwa sababu kila mtoto ana ubao wake, na ubao usio na mtoto unamuulizia mwenyewe. Kama mtachukua jambo moja tu kwangu, mchukue hilo. Maalim Shomari alinisaidia kuwafuata waliokosekana majumbani mwao, mmoja mmoja, bila kutamka neno juu ya yaliyopita.

Mwajuma niliingia kumpima kwa zamu ya nyumba yao, nikaandika jina lake na kipimo chake. Nilimpa dada vidonge vya kwinini vilivyokuwa mkobani. Masika yalikuwa karibu kuanza. Nilikuwa na hakika moja moyoni: hesabu ya haki ikitoka, vikosi vitarudi nyumbani. Niliwaambia hata majirani.

Hesabu ya haki ilitoka. Temeke ilikuwa mbaya, mbaya kupita tulivyoandika mwanzo. Na Kinondoni, hata baada ya kuondoa watu wa kwinini waliotoka mbali, ilikuwa mbaya kidogo zaidi.

Tulijumlisha mara tatu, yeye upande wake na mimi upande wangu. Bwana Daktari akaweka kalamu chini. "Mafuta yanatosha mahali pamoja," akasema mwishowe. "Tukigawa nusu kwa nusu, mbu wataishi kotekote. Wewe unasemaje?"

Nilimjua mtoto mmoja upande mmoja. Upande wa pili niliwajua kwa matumbo tu. Nilitaka kusema Temeke, na neno lilikuwa limefika kwenye meno. Nilitazama zile tarakimu, nikatamani ningekuwa nimekosea popote, lakini sikuwa nimekosea. Nikasema, "Vibaki Kinondoni, Bwana."

Basi uamuzi ulikuwa ule ule uliotokana na hesabu ya uongo, sasa ukiwa na hesabu ya kweli chini yake. Ningeweza kukaa kimya tangu mwanzo na pampu zisingesogea hata hatua. Nimeligeuza jambo hili miaka mingi na bado linanishinda. Nilifanya haki, nami nilijisikia mwizi.

Dada nilimwambia mwenyewe. Alikuwa anakoroga unga wa vitumbua, na hakuacha kukoroga.

"Basi siku ile ulipompapasa mwanangu, ulikuwa unatafuta nini?" akauliza.

"Ukweli, dada."

"Ukaupata?"

"Niliupata."

"Na mafuta yamekwenda Kinondoni."

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilitegemea alie, au anitukane, na ningeona afadhali. Yeye akauliza, "Yanapigwa mpaka wapi huko?"

Nikamwambia. Nilimtajia mabonde na mitaa, kwa sababu ndiyo maswali niliyozoea kujibu. Akauliza wanapita kila baada ya siku ngapi. Nikajibu kila wiki. Akauliza nyumba za juu ya bonde na za chini, zipi zinapata nafuu zaidi. Nilimweleza kwa kirefu, nikifurahi kwamba walau ananisemesha, na sikujiuliza kwa nini mkaanga vitumbua anataka kujua mambo hayo.

Jumamosi nilikuta rikwama mlangoni kwake. Mikeka, sufuria, kikaango cha vitumbua, kitanda cha kamba kimefungwa juu, na Mwajuma amekaa juu ya kitanda, kajifunika, kama bibi harusi anayepelekwa kwa mume.

"Mnakwenda wapi?"

"Kinondoni," dada akasema, akikaza kamba. "Nimepata chumba, nyumba za juu ya bonde."

"Kinondoni una nani?"

"Sina mtu. Vitumbua wanakula." Kisha akageuka akanitazama usoni. "Wewe umesema mafuta hayawezi kuja huku. Sikusikia ukisema sie hatuwezi kwenda huko."

Nilisimama katikati ya njia. Miaka yote ile nilikuwa nimehesabu madimbwi, mbu, bandama, nyumba; nimekaa na daktari tukitafuta mafuta yaende wapi. Kwamba mtu anaweza kuinuka akayafuata, halikuwa limeingia kichwani mwangu. Nilishika rikwama kwa nyuma nikasukuma. Tulipita mjini na jua la saa sita likituchoma, nami nilikuwa nalia bila kujificha.

Nilimwambia Bwana Daktari Jumatatu. Aliniuliza kama akina mama wote wa Temeke watafanya hivyo. Nikamjibu kwamba wengi hawana pa kwenda wala nguvu ya kwenda. Akaandika jambo hilo pia, na mwaka uliofuata aliwapigania watu wa Temeke mafuta mpaka yakapatikana. Masika yalikuwa yamekwisha kupita. Maalim Shomari alikuwa na mbao kadhaa ukutani ambazo hazikuwa na wenyewe tena. Niliziona, na sikumuuliza ni za nani.

Mwaka huo huo tulirudi kupima Kinondoni, tuone kama mafuta yamefanya kazi. Nyumba za juu ya bonde ziliangukia zamu yangu. Nilipiga hodi kwenye mlango wa tatu, akatoka dada, mikono imejaa unga. Hakuniambia karibu. Alimwita Mwajuma, akamtandikia mkeka pale pale barazani, mbele za watu, akasema, "Huyu hapa. Mpime, umwandike."

Niliinama, kisha nikasita. Mtoto huyu bandama yake ilivimba Temeke, sasa analala Kinondoni. Nikimwandika hapa, nawaharibia hesabu watu wa Kinondoni. Nisipomwandika, nitakuwa nimemwacha mara ya pili. Penseli ilikaa hewani.

"Unangoja nini?" dada akasema. "Mwandike anapoishi."

Nikamwandika. Nikasugua viganja, nikamwambia avute pumzi, nikaweka vidole chini ya mbavu. Sikupata kitu. Nikadhani nimekosea mahali, nikasogeza mkono, nikamwambia avute tena. Sikupata kitu. Sikujua kama ni mafuta, au kwinini, au ni umri tu, na wala sikuuamini mkono wangu, kwa jinsi ulivyokwisha kunidanganya. Nikapapasa mara ya tatu, polepole, kuanzia kitovuni kwenda juu, nikitafuta ile bandama kwa hofu ya kuipata, mpaka Mwajuma akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Mjomba, basi," akasema, akijikunja kwa kicheko. "Unanitekenya."